Nundu: Gari ya zamani ikigoma asubuhi, mwenyewe aanze kuangalia wapi?

Kwenye barabara ya taifa namba 5, ile inayotoka Uvira na kufuata Ziwa Tanganyika mpaka Baraka, gari nyingi zenye kubeba watu na mizigo ni za zamani. Carina, Corolla, Hiace na zingine zilifanya kazi miaka mingi katika inchi za mbali mbele ya kufika Kongo. Kampuni ya Toyota yenyewe iliacha kutengeneza Carina mwaka 2001, maana yake hata ile ya mwisho kabisa imekwisha pita miaka 20. Lakini pale Nundu bado ziko kazini. Zinapeleka samaki na mihogo sokoni, na usiku ndizo zinaamshwa kwa kubeba mama mwenye uchungu mpaka hospitali kuu. Gari ikigoma saa hiyo, anayeumia si mwenye gari peke yake.

Mafundi hawakosekani. Kinachomaliza pesa ya watu ni kubahatisha. Gari inakataa kuwaka, mwenyewe ananunua batri. Kesho yake inakataa tena, ananunua demarere ya okazyo. Siku ya tatu fundi anakaza waya moja iliyolegea na gari inawaka. Waya hiyo ilikuwa ya kukazwa bure.

Dawa ya kubahatisha ni kufuata njia moja kila mara. Motere ya esanse inaomba mambo manne tu: nguvu ya kuizungusha, hewa, esanse, na cheche ya moto kwa wakati wake. Ikikosa kuwaka, kimoja katika hivyo vinne kimekosekana. Kazi ya kwanza ni kujua ni kipi, mbele ya kugusa mfuko.

Kusikiliza funguo

Gari inaanza kuongea pale funguo inapozungushwa. Kuna sauti tatu za kutofautisha.

Ya kwanza ni kimya kabisa, ao "tak-tak-tak" ya haraka haraka. Mara nyingi hiyo ni umeme kidogo: batri imechoka ao vichwa vyake ni vichafu. Ya pili ni "tak" moja nzito, kisha kimya. Hapo umeme unafika lakini demarere haizunguke. Ya tatu, motere inazunguka vizuri "wi-wi-wi" lakini haishike. Hapo batri na demarere havina kosa, na mtu asipoteze pesa kuvibadilisha. Atafute ku esanse ao ku cheche.

Kwa kuhakikisha, awashe taa kubwa za mbele, kisha azungushe funguo wakati mtu mwingine anaangalia taa. Taa zikififia ao kuzimika, shida iko ku batri ao ku vichwa vyake. Zikibaki na mwangaza mkali na motere haitikisike hata kidogo, shida iko ku demarere, ku waya zake, ao ku funguo yenyewe. Kwa gari za otomatiki, kwanza aangalie kama mkono uko ku P ao N. Watu wengi wamekwisha kuita fundi juu ya jambo hilo tu.

Vichwa vya batri vinasafishwa nyumbani. Ule unga mweupe ao wa kijani unaolala juu yake unazuia umeme kupita. Afungue kwanza upande wa kutoa (−), kisha ule wa kujumlisha (+), amwagie maji ya moto kidogo yenye bikarbonate, asugue na brosi, akaushe, apake vazelini. Wakati wa kurudisha, upande wa kutoa unakuja mwisho. Sababu ni rahisi: chuma chote cha gari kimeungwa na upande wa kutoa. Kama funguo ya bulo inagusa chuma wakati inafungua upande wa kujumlisha, na ule mwingine bado umefungwa, moto unaruka papo hapo.

Batri ya gari na televizyo ya nyumbani

Katika nyumba nyingi zisizo na umeme, batri ya gari inatolewa jioni ili iwashe taa, televizyo, na kujaza telefone za jirani. Asubuhi inarudishwa ku gari, na gari inakataa. Watu wanasema batri za siku hizi ni mbaya. Ukweli ni kwamba batri ya gari ilitengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha kujazwa mara moja. Haikutengenezwa kunyonywa usiku mzima mpaka chini. Ikimalizwa namna hiyo mara nyingi, mabamba yake ya ndani yanaharibika na haishike tena. Kwa kazi ya nyumba kuna batri za sola, zenye kuvumilia kunyonywa polepole.

Mwenye kuwa na kipimo cha umeme, kile kinachotumiwa na mafundi wa sola, anaweza kujua ukweli kwa dakika moja. Gari ikiwa imelala usiku, batri nzuri inaonyesha karibu volti 12,6. Ikiwa 12,2, imebaki nusu. Chini ya 12, imekwisha. Kisha awashe motere na kupima tena: inapashwa kupanda mpaka kati ya 13,8 na 14,4. Kama inabaki 12 na kitu, alterinatere haijaze, na batri mpya nayo itakufa njiani.

Kuna kipimo kingine kibaya kinachopendwa: kutoa waya ya batri wakati motere inanguruma, ili kuona kama itazimika. Ku gari zenye kompyuta ndogo ndani, mchezo huo unaweza kuunguza alterinatere na kompyuta pamoja.

Na wakati wa kuazima umeme ku gari ingine, waya ya mwisho ya upande wa kutoa isifungwe juu ya batri iliyokufa. Ifungwe ku chuma cha motere, mbali kidogo. Batri inatoa hewa yenye kushika moto, na cheche moja karibu nayo inaweza kuipasua usoni mwa mtu.

Inazunguka, lakini haiwake

Hapa jibu linapatikana ku buji. Motere ikiwa imepoa, atoe waya moja na buji moja, aangalie, arudishe, ndipo aende ku ya pili. Kutoa zote pamoja kunachanganya waya, na motere yenye waya zilizochanganywa inakohoa ao inakataa kabisa.

Buji inasoma kama kitabu. Ikitoka imelowa esanse, basi esanse inafika na cheche ndiyo inakosekana: buji yenyewe, waya, kofia ya delko, ao bobini. Ikitoka kavu kabisa kisha kuzungusha muda mrefu, esanse haifike: filtre imejaa, pompe haifanye kazi, ao, jambo la kawaida kuliko yote, rezervwari ni tupu na kipimo cha ndani kinadanganya. Ikiwa nyeusi ya masizi makavu, gari inakula esanse nyingi kuliko hewa, na filtre ya hewa ndiyo ya kuangalia kwanza. Ikiwa na mafuta ya motere, segima zimechoka. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo ya buji yenye afya.

Wakati wa kiangazi vumbi la barabara linaziba filtre ya hewa upesi sana. Hiyo inatolewa kwa mkono, inagongwa polepole, na hewa inapulizwa kutoka ndani kwenda inje. Ikipulizwa kutoka inje, vumbi linaingizwa zaidi.

Esanse nayo iko na mambo yake. Ile ya kando ya barabara, ya chupa na bidoni, mara ingine inakuja na maji. Mwenye mashaka atie kidogo katika chupa nyeupe ya plastiki na kuiacha itulie nusu saa. Maji ni mazito kuliko esanse, kwa hiyo yanashuka chini na mstari unaonekana wazi. Kitambala cha kuchujia kinakamata uchafu, lakini maji yanapita. Kazi hii ifanywe mchana, inje, mbali na jiko na sigara. Asiyekuwa na toroshi asubiri kuche; mshumaa na kiberiti havikaribie esanse hata mara moja.

Mvua nayo inaleta ugonjwa wake. Gari iliyopita katika maji ao iliyolala katika mvua kubwa inaweza kukataa juu ya unyevu ndani ya delko. Afungue kofia, apanguse ndani na kitambala kikavu, apanguse na waya za buji, ajaribu tena. Lakini kama gari ilizimika katikati ya mto na maji yalifika ku mdomo wa filtre ya hewa, asizungushe funguo kabisa. Maji hayabanike kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, demarere inapinda vyuma vya motere, na gari iliyohitaji kukaushwa tu inakuwa gari ya kuvunjwa. Hapo kwanza buji zote zitolewe, maji yatoke.

Taa ya motere inaweza kusomwa bila mashine

Watu wanaona taa ya motere imewaka ku tablo na kusema kwamba hiyo ni kazi ya Bukavu, kwenye mashine. Kwa Toyota nyingi za miaka ya 1990, si lazima. Chini ya kapo kuna kisanduku kidogo cha plastiki chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko kuna mchoro wa matundu na majina yao. Funguo ikiwa imezimwa, tundu la TE1 na la E1 vinaungwa kwa kipande cha waya. Kisha funguo inafika ku ON, bila kuwasha motere, na macho yanabaki ku taa.

Ikipepesa bila kukoma, kwa mwendo mmoja, kompyuta haioni kosa. Ikipepesa mara mbili, ikapumua kidogo, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni namba 22: kisomaji cha joto la maji ya motere ao waya zake. Gari ya namna hiyo inasumbua kuwaka asubuhi na inakula esanse. Mara mbili kisha moja ni 21, kisomaji cha moshi ku bomba. Nne kisha moja ni 41, kile cha pedale ya esanse. Namba haiseme "badilisha piyesi hii". Inaonyesha njia ya kufuata. Mara nyingi ni plagi iliyolegea ao waya iliyokatwa na panya. Matundu yachaguliwe kwa uangalifu, maana mengine yanabeba umeme na kuyaunga ovyo kunaunguza fizible. Asiyeona maandishi vizuri amuachie fundi.

Motere inayochemka

Mtu anayepanda kutoka Baraka kwenda Fizi na mzigo anajua jambo hili: mshale wa joto unapanda, harufu inaingia, mvuke unatoka. Kosa kubwa linafanyika hapo hapo, wakati wa kufungua radiatere.

Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari. Katika kimo hicho, maji ya sufuria yanachemka karibu digrii 97, na milimani mapema zaidi. Ndani ya radiatere, kifuniko chenye chemchem kinabana maji ili yavumilie zaidi ya digrii 115 bila kuchemka. Siku mtu anafungua kifuniko hicho kwa haraka, nguvu iliyobanwa inaisha mara moja, maji yanachemka papo hapo na kuruka usoni pamoja na mvuke. Wenye kuungua namna hiyo hawahesabiwe ku ajali za barabara, lakini makovu wanabaki nayo.

Kwa hiyo: kusimama, kuzima, kufungua kapo kwa uangalifu, kungojea nusu saa ao zaidi, mpaka mkono uvumilie kugusa duriti ya juu. Vidole vikae mbali na ventilatere ya umeme, maana inaweza kuanza yenyewe hata motere ikiwa imezimwa. Ndipo kifuniko kifunguliwe polepole, na kitambala kizito juu yake. Maji ya baridi yasimwagwe ndani ya motere ya moto; chuma kinapasuka sawa vile chungu cha moto kilichotupwa majini.

Kisha sababu itafutwe. Kama maji yamepunguka, yanatoka wapi? Duriti iliyopasuka, radiatere inayotoka jasho, ao pompe ya maji inayotonya. Kama maji hayakupunguka, aangalie kama ventilatere inazunguka, kama mkanda wake umelegea, na kama majani na matope vimeziba mapezi ya radiatere. Kifuniko chenyewe kikiwa na mpira uliokatika, maji yanachemka hata kama vingine vyote ni vizima. Hicho ni piyesi ya bei ndogo, na watu wengi wanakisahau.

Mafundi wengine wanatoa termostati na kuitupa. Motere haichemke haraka, ni kweli, lakini pia haifike ku joto lake, inakula esanse na kuchakaa. Ugonjwa unabaki palepale. Juu ya maji ya kujazia, yale ya ziwa yako na madini mengi yenye kuganda ndani ya radiatere sawa vile ndani ya birika. Maji ya mvua yaliyokingwa safi ni afadhali, na dawa ya radiatere ni bora kuliko yote, kwa sababu inazuia kutu.

Kuna dalili tatu ambazo nyumbani hazina dawa: mafuta ya motere yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, mapovu yenye kupanda ndani ya radiatere wakati motere inanguruma, na moshi mweupe mzito usioisha hata motere ikipata moto. Hapo jointi ya kilasi imekufa. Kuendelea kutembeza gari hiyo ni kununua motere ingine.

Freni hazijaribiwe

Gari isiyowaka inapoteza siku. Gari isiyosimama inapoteza watu. Kwa hiyo juu ya freni, kazi ya mwenye gari ni kuona mapema na kusimamisha gari.

Dalili ziko wazi. Pedale laini inayoshuka mpaka chini ina hewa ao mafuta yanavuja. Pedale inayopanda kisha kuipiga mara mbili tatu bado ni ugonjwa, hata kama gari inasimama. Sauti ya chuma kwa chuma ni plaketi zilizokwisha. Gari inayovuta upande mmoja iko na gurudumu moja lisiloshika sawa na lingine. Gurudumu linalotoka safarini likiwa la moto kuliko mengine linashikwa na freni bila kuachia.

Kisanduku cha mafuta ya freni kiko wazi kuonekana chini ya kapo, na kina mistari miwili. Mafuta yakishuka, plaketi zimelika ao kuna fasi inavuja. Kujaza tu si kutengeneza. Na kinachojazwa ni mafuta ya freni peke yake, yenye kuandikwa DOT 3 ao DOT 4 kufuatana na kifuniko. Mafuta ya motere yanavimbisha mipira yote ya ndani. Maji, hata ya sabuni, yanachemka freni ikipata moto, na mvuke haisukume freni: pedale inaanguka chini katikati ya mteremko. Ndiyo maana pia dereva mwenye hekima anashuka kutoka Fizi ku vitesi ya chini, motere ikizuia gari, badala ya kulalia pedale njia yote.

Mbele ya kuingia chini

Kriki ni ya kuinua gari. Haikutengenezwa kuishikilia juu ya mtu. Gari isimame fasi ya sawa, freni ya mkono ivutwe, mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Kama ni lazima kuingia, vipande vizito vya mti viwekwe chini ya chuma kigumu cha gari. Matofali ya udongo yanasagika. Watoto wenye kupenda kuangalia wasogee mbali.

Mafuta ya motere yaliyochakaa yapewe fundi ao yawekwe ndani ya bidoni yenye alama. Yakimwagwa ku mtaro, mvua inayapeleka ziwani, na ziwa hilo ndilo watu wanachota na kuvua.

Kwa safari, vichache vinatosha: funguo za 10, 12 na 14, ya buji, tornevisi, kipande cha waya, fizible mbili tatu, bidoni ya maji, toroshi, na kriki inayofanya kazi. Na daftari ndogo. Kila mara gari inagoma, iandikwe siku, sauti iliyosikika, kilichofanywa na kilichobadilishwa. Baada ya miezi sita, daftari hiyo inaonyesha ugonjwa unaorudi. Hata fundi akiitwa, hataanza gizani, na mwenye gari hatalipa mara mbili juu ya kosa moja.

Asubuhi kabla ya safari, dakika tano zinatosha: mafuta ya motere ku kijiti chake, maji, mafuta ya freni, upepo wa magurudumu, na kukanyaga pedale mara moja kabla gari haijatoka uani. Mgonjwa wa saa nane za usiku haulizi kama gari ni ya zamani. Anauliza kama itawaka, na kama itasimama mbele ya mlango wa hospitali.